Mafungu Matano

Juzi mwenzangu wa ofisini alinikuta saa ya chai nimemwaga pipi juu ya mgongo wa faili. Ilikuwa pakiti moja ya M&M's, vipipi vya chokoleti vyenye ganda la sukari la rangi rangi, zile za kawaida zisizo na karanga ndani, na nilikuwa nimeshazitenga kwa rangi, kisha nikazigawa tena mafungu. Alisimama na kikombe chake mkononi akitazama, hata chai ikaanza kupoa. Mwisho akauliza, "Dada, unacheza bao peke yako?"

"Nakula," nikamwambia.

"Kula gani huko? Mbona hazipungui?"

Hapo ndipo penye utamu, hazipungui. Nikamweleza utaratibu wangu kwa kituo, kama mgeni anavyoelekezwa njia ya sokoni. Kwanza namwaga zote juu ya kitu kikavu kisicho na harufu. Zilizopasuka, au zilizokosa ile herufi ya m, nazila papo hapo, hizo hazina hesabu. Zilizobaki nazitenga kwa rangi, halafu kila rangi naigawa mafungu. Ndipo naanza kula, moja kutoka kila fungu, nikizunguka kutoka kushoto kwenda kulia, kahawia kwanza na nyekundu mwisho. Sitafuni mpaka ganda lilainike lenyewe. Na sili mbili kwa pamoja hata kama simu inaita.

Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mwenye adabu zake. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwa miaka zaidi ya thelathini ya kula pipi kwa namna hii. "Rangi ziko sita. Mafungu mbona matano?"

Nikatazama mgongo wa faili. Kweli, matano. Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia ni mazoea tu. Jibu lilinijia nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani, nimebanwa dirishani, nikajikuta nacheka peke yangu. Kushoto kabisa huwa ni fungu la Kaka. La katikati ni langu.

Kwetu Tanga, Ngamiani, tulizaliwa watano. Kaka mkubwa, Dada, mimi, halafu wadogo zangu wawili wa kiume waliofuatana karibu karibu hata watu wakawadhania pacha. Utoto wangu uliangukia mwanzoni mwa enzi ya ruksa, baada ya 1985, pale Mzee Mwinyi alipolegeza kamba na vitu vya nje vikaanza kuonekana tena madukani. Kuonekana tu, maana kununua lilikuwa jambo jingine. Utamu wetu wa kila siku ulikuwa wa mtaani: gubiti, kashata za nazi zilizotiwa rangi ya waridi, ubuyu, askirimu za mfuko. Pipi za chokoleti za rangi rangi zilikuja na mjomba, na mjomba alikuja kutoka Muscat mara moja kwa mwaka, pengine kwa miaka miwili.

Hizo sisi tuliziita vidonge. Enzi hizo homa yoyote dawa yake ilikuwa klorokwini, na uchungu wa klorokwini ulikaa kooni mpaka kesho yake. Kitu chenye umbo lile lile, tena kitamu, kilikuwa kama kulipiza kisasi. Mdogo wangu wa nne alipopelekwa zahanati akapewa vya kweli, aliuliza kwa nini yeye amechaguliwa vyeupe tu.

Mjomba hakuleta pakiti kwa kila mtoto. Alileta mfuko mmoja mkubwa akamkabidhi Mama, na Mama hakugawa. Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba anayegawa ni mtoto, kwa zamu, na anayegawa huchagua mwisho. Sijui aliitoa wapi, labda kwa mama yake aliyekuwa akigawa samaki pwani, lakini ilifanya kazi kuliko fimbo. Ukishajua kwamba fungu watakaloliacha wenzio ndilo lako, mkono wako wenyewe unakuwa mizani. Tuligawia juu ya sinia, sinia lile lile la kuchambulia mchele, na nadhani ndiyo maana vidole vyetu vilikuwa vinajua kazi. Mtoto wa kike wa zamani zile, kabla ya mchele wa kuja umesafishwa kwenye mifuko, amekaa saa nyingi za maisha yake ameinamia sinia au ungo, anasukuma kwa ncha ya kidole, chuya huku, mawe kule, punje safi hapa. Pipi nazo zilisukumwa na kidole hicho hicho. Mpaka leo siishiki pipi ninapoitenga. Naisukuma.

Shida ilikuwa rangi. Idadi hulingana, rangi hazilingani. Mfuko ukiwa na nyekundu saba, watano wanapata moja moja, na zile mbili zinaleta vita. Tukajifunza kutenga rangi kwanza, kugawa kila rangi peke yake, na ile isiyogawanyika kuiweka pembeni. "Nane nane, baki tatu," anatangaza mwenye zamu, kwa sauti ya mwalimu wa hesabu. Baki haikuwa mali ya watoto. Ilikuwa ya Mama na ya Bibi, na ikizidi hapo, ya aliyegawa, kama ujira wake. Mama hakuwa mtu wa vitamu, lakini hakusema hata siku moja "kuleni tu wanangu". Alipokea baki yake kwa mkono wa kulia, akaila mbele yetu taratibu, mpaka ikaisha.

Baada ya mgao kila mtu alishika njia yake.

Kaka alikuwa na methali moja tu duniani, nayo ni mla ni mla leo, mla jana kala nini. Alikusanya fungu lake lote kiganjani, akalitupia mdomoni kwa mkupuo mmoja, mashavu yakajaa kama ya ngedere, akatafuna amefumba macho. Nusu dakika, basi. Halafu alikaa anatutazama kwa saa nzima bila wivu hata chembe, jambo lililonikera kuliko kama angeomba. Dada alikuwa upande wa akiba haiozi. Alifunga za kwake kwenye kitambaa, akazitia chini ya nguo kwenye sanduku la Bibi, akawa anatoa moja kila Ijumaa. Ni kweli akiba haiozi, ila waliosema hivyo hawakuwa na sisimizi wa Ngamiani. Ijumaa ya tatu alifungua sanduku akakuta mstari wao umepanda mguu wa kitanda, na kila mmoja amebeba kipunje chake, huyu cha kijani, huyu cha manjano, wanatembea kwa nidhamu kama watoto wa halaiki. Dada alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Wadogo zangu walizifanya kete. Babu yetu alikuwa mtu wa baraza, na bao la Kiswahili waliliona kila jioni, mashimo 32 na kete 64, komwe za kijivu zilizong'aa kwa kushikwa. Wao walichimba vishimo vichache mchangani wakatunga sheria zao. Sasa kwenye bao, ukichukua kete za mwenzio husemwa umezila, na wao neno hilo walilipokea kama lilivyo. Kete iliyoliwa, ililiwa, pamoja na mchanga wake. Ndio mchezo pekee wa bao ninaoujua ambao mshindi ndiye anayelala anaumwa tumbo.

Mimi nilikuwa wa katikati, kwa kuzaliwa na kwa tabia. Sikuweza kumeza kama Kaka wala kungoja kama Dada, kwa hiyo nikapanga. Niligundua kwamba mtu akiwa anapanga ameshaanza kula, ila hajapunguza kitu. Nyekundu nilizibakisha mwisho kwa sababu zilikuwa na kazi nyingine kabla ya kuliwa. Unailowesha kidogo kwa ulimi, unajipaka mdomoni, unakwenda kujitazama kwenye kioo cha kabati la Mama, unakuwa bibi harusi kwa dakika tatu hivi. Kisha unamla bibi harusi.

Mwaka mmoja mjomba alileta kopo badala ya mfuko. Lilikuwa kopo la Quality Street, zile za Kiingereza zinazotengenezwa tangu 1936, ambazo Uarabuni watu huziita Mackintosh kwa jina la kampuni ya mwanzo, na kila pipi imevikwa karatasi yake ya kung'aa. Utaratibu wangu wote uliporomoka siku hiyo. Rangi ilikuwa imekaa kwenye karatasi, si kwenye pipi, na chini ya karatasi kila rangi ilikuwa na kitu chake tofauti kabisa, hii ina nazi, hii ina machungwa, hii ni tofi ya kung'oa meno. Usawa wa rangi haukuwa tena usawa wa mapambo, ulikuwa usawa wa kweli, na tuligombana kama wanasiasa. Ya zambarau, yenye njugu na karameli ndani, ililetea nyumba yetu siku mbili za kununiana. Mimi nilitulia na karatasi. Nilizinyoosha kwa ukucha mpaka zikawa bapa, nikaziweka katikati ya kurasa za juzuu yangu ya madrasa, na wakati mwalimu ameangalia upande mwingine nilitoa moja nikaiweka jichoni, Ngamiani yote ikawa ya zambarau, mwalimu naye. Kopo lenyewe liliishia pale makopo yote kama hayo yanapoishia. Kwa miaka mingi mgeni aliyelifungua kwa matumaini alikuta sindano, uzi na vifungo vya shati.

Nikirudi kwenye rangi. Nimefikiria sana kwa nini mtoto ajali kitu kisicho na ladha, na nadhani Kiswahili chenyewe kina mkono wake humo. Tazama majina. Manjano ndiyo ile bizari ya kutia kwenye mchuzi. Zambarau ni tunda, tena lile linaloacha ulimi umebadilika hata usiweze kumwambia mama yako kwamba hukupanda mti wa watu. Chungwa ni chungwa. Kahawia imetoka kwenye kahawa. Hata kijani ni jani, na kwetu jani ni mboga. Karibu nusu ya rangi zetu zimetoka jikoni. Mtoto anayewaza kwa Kiswahili akipewa pipi ya chungwa, jina limeshamwahidi kitu kabla hajafungua mdomo. Halafu uje umwambie kwamba M&M's zote ndani ni chokoleti moja, na ganda ni sukari ile ile, iliyomiminwa tabaka juu ya tabaka ndani ya mapipa yanayozunguka kama kichanganya zege, rangi ikaja mwisho, kisha ikang'arishwa kwa nta. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali? Hata hilo halipo, pishi pia ni moja. Zimebadilishwa kanzu tu.

Nalijua hilo, na bado naapa ya kahawia ina uzito wake mdomoni. Mume wangu aliwahi kunifunga kitambaa machoni akanipa kumi na mbili nizitaje rangi. Nilipata mbili. Nikasema kitambaa kilinivuruga.

Samawati ndiyo haikutoka jikoni. Hiyo imeshuka kutoka mbinguni, neno lenyewe ni mbingu kwa Kiarabu, na mimi sijui chakula cha pwani chenye rangi hiyo, labda mkate ukishaharibika. Mara ya kwanza kukutana nayo ndani ya pakiti nilikuwa msichana mkubwa, na nilidhani imeingia kwa makosa kiwandani. Kumbe ilichaguliwa kwa kura. M&M's zilianza Marekani mwaka 1941, herufi mbili za watu wawili, Forrest Mars na Bruce Murrie, na wateja wao wa kwanza walikuwa wanajeshi wa Vita vya Pili, kwa sababu chokoleti yenye ganda haiyeyuki ovyo kwenye joto. Rangi za mwanzo zilikuwa nyekundu, manjano, kijani, kahawia na zambarau. Mwaka 1949 zambarau ikatolewa, ikaingizwa kahawia iliyopauka, ile ambayo sisi tuliiita ya kaki kwa sababu ilifanana na kaptula za shule za Kaka. Kwenye soko letu la kubadilishana, kaki mbili ndizo zilinunua nyekundu moja. Ikafika 1995, kampuni ikawauliza Wamarekani wachague rangi mpya, zikapigwa kura zaidi ya milioni 10, samawati ikashinda na kaki ikaaga. Zambarau nayo ilikuwa mgombea. Imeonewa mara mbili.

Nyekundu yenyewe ilipotea miaka 11. Mwaka 1976 serikali ya Marekani ilipiga marufuku rangi moja nyekundu ya kutia kwenye vyakula kwa hofu ya saratani. M&M's hazikuwa na rangi hiyo hata kidogo, lakini kampuni ilihofia kwamba mnunuzi haulizi nyekundu gani, anaona nyekundu tu anakimbia, ikaziondoa zote na kuweka za chungwa mahali pake. Zilirudi 1987. Nikiwaza kwamba kuna watoto huko waliokua utoto wao wote bila ya kujipaka mdomoni, nawaonea huruma kwa dhati.

Watu wanaponicheka huwa nawatajia Van Halen. Hao walikuwa bendi ya roki ya Marekani yenye vyombo vizito na taa nyingi kuliko kumbi nyingi za wakati ule zilivyoweza kubeba. Katika mkataba wao wa maonyesho ya 1982, kwenye orodha ya vyakula vya nyuma ya jukwaa, waliandika kwamba wanataka M&M's, na kwamba ya kahawia isionekane hata moja. Watu wakasema kiburi cha mastaa. Mwimbaji wao, David Lee Roth, alieleza baadaye kwamba ulikuwa mtego. Akiingia akakuta za kahawia kwenye bakuli, anajua wenyeji hawakuusoma mkataba, na kama hawakusoma habari za pipi huenda hawakusoma za uzito wa jukwaa pia, basi kila kitu kinakaguliwa upya. Nauheshimu ujanja huo. Lakini nilipousoma kitu cha kwanza nilichofikiria ni yule kijana aliyekaa mahali fulani na bakuli, anazitoa za kahawia moja moja kwa kidole. Zile alizozitoa zilikwenda wapi? Hakuna anayeuliza. Kwangu mimi kahawia ndiyo ya kufungulia.

Waingereza wana Smarties zao, na hao walinikumbusha kwamba hata rangi zina matatizo ya kikazi. Mwaka 2006 samawati ya Smarties iliondolewa kwa sababu kampuni ilikuwa imeamua kutumia rangi za asili, na samawati ya asili haikupatikana. Ilirudi 2008, imetolewa kwenye spirulina. Huo ni mwani, ila si ule wanaoufunga kwenye kamba akina mama wa Paje, huu ni mdogo usioonekana kwa jicho. Na jambo la kushangaza zaidi, Smarties ya chungwa ya Uingereza ina ladha ya chungwa kweli, ndani ya chokoleti. Moja tu katika rangi zote. Rafiki yangu anayeishi Leicester aliponitumia nizijaribu nilikaa kimya muda mrefu. Nilijiona kama mtoto aliyeambiwa kwamba hadithi moja kati ya zote alizosimuliwa ilikuwa ya kweli.

Skittles sizipendi, nitasema wazi. Kila rangi ina tunda lake, kwa hiyo utaratibu wake unakuwa wa kupika, si wa kugawa. Watu huchanganya mbili mdomoni, tatu, wanatafuta ladha ya tatu. Wenye nazo wana ugomvi wao mkubwa. Kijani ilikuwa ndimu, 2013 huko Marekani ikafanywa tofaa, watu wakalalamika miaka minane, 2021 ndimu ikarudishwa. Nawaelewa. Lakini ndimu kwetu ni ya samaki.

Na ubuyu? Najua mtaniuliza, kwa sababu wa kwetu ni pipi ya rangi kuliko zote. Mbegu ya mbuyu na unga wake mweupe mchachu, imetiwa kwenye sukari iliyochemshwa na rangi nyekundu, na iliki, wengine huongeza pilipili manga. Lakini ubuyu hautengwi kwa rangi, kwa kuwa tangu utoto wangu rangi ni moja. (Binamu yangu wa Mombasa alinipeleka kuona mabuyu ya manjano, ya kijani na ya zambarau yamepangwa kwenye meza kama nguo za sikukuu. Niliyapiga picha. Sikuyanunua.) Ubuyu una taratibu nyingine, nazo ziko mdomoni. Kwanza sukari, hiyo haihitaji akili. Kisha inaanza chachu, mashavu yanaingia ndani. Kisha pilipili kwa mbali. Mwisho unabaki na mbegu tupu, ngumu, laini, na hapo ndipo watu hutofautiana. Dada huitema mara moja. Mimi naiweka shavuni mpaka zifike tano, ndipo nazitoa zote kiganjani. Tano tena, naona sasa.

Hauharakishiki, ndiyo maana nadhani mjini neno ubuyu likageuka kuwa umbea. Ukimwambia shoga yako "nipe ubuyu" hutaki mbegu, unataka habari. Mimi ninavyoona, ubuyu ndio uliowakalisha watu pamoja muda wa kutosha, mmoja mdomo umejaa anasikiliza, mwingine ametema ndiyo anasema.

Kuna utafiti uliochapishwa 2013 katika jarida la Psychological Science ambao nautunza kwenye simu yangu kama wengine wanavyotunza hati ya kiwanja. Watu walipewa chokoleti ya kipande. Kundi moja likaambiwa liivunje katikati kabla ya kuifungua, lifungue nusu moja, liile, kisha lifungue na kula ya pili. Kundi jingine likaachwa lile linavyotaka. Wale wa kuvunja waliifurahia zaidi, walikula polepole zaidi, na wakawa tayari kuilipia zaidi. Walijaribu hata na karoti. Lakini sehemu niliyoipenda ni ya maji ya limau, pale watu wengine walipotengeneza wenyewe kwa kufuata hatua, na wengine wakamtazama tu mtu akiwatengenezea kwa hatua hizo hizo. Waliotazama hawakupata raha ile. Nilimsomea mwenzangu wa ofisini sehemu hiyo. Akasema sawa, basi nigawie nipange na mimi, na hapo nikatambua kwamba nimejichimbia shimo mwenyewe. Sasa saa ya chai tuko wawili. Yeye anapanga mstari mmoja mrefu, rangi zikifuatana kama shanga, anakula kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati. Sikubaliani nao, lakini sijamwambia.

Idi iliyopita tulikutana Tanga wote watano, jambo lisilotokea mara nyingi. Mdogo wetu wa mwisho ndiye yuko Muscat siku hizi, na alikuja na mfuko mkubwa, akauweka mezani bila kusema kitu. Watoto wetu hawakuutazama mara mbili, wao pipi wameziona. Sisi tulitazamana. Dada akaenda jikoni akarudi na sinia.

Ikaja hoja ya zamu. Nani aligawa mara ya mwisho? Hakuna aliyekumbuka, isipokuwa Dada, ambaye hajasahau kitu tangu sisimizi wale. Akasema ilikuwa yangu na niliikimbia, nikaenda kucheza, akagawa yeye kwa niaba. Kwa hiyo deni langu lilikuwa pale pale. Nikaketi chini kwenye mkeka, nikamwaga, nikaanza kusukuma kwa kidole. Kaka ana mvi, mdogo wangu wa nne ana kitambi, na wote wamechuchumaa kuzunguka sinia wananichunga kama polisi wa mpakani. Nikatangaza, nane nane, kumi kumi, saba saba. Wakachagua. Kaka akafanya lile lake kwa mkupuo mmoja, wajukuu zake wakapiga makofi.

Baki zilikuwa tatu. Bibi hayupo, kwa hiyo zote nilimpelekea Mama pale kwenye kiti chake cha mkonge. Mama ana sukari sasa, hali hizo, lakini haikumpitia mtu yeyote akilini kwamba asipelekewe. Alizipokea kwa mkono wa kulia. Mbili akazifunga kwenye pindo la leso, sijui anamwekea nani. Ya tatu akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ya samawati haikuwepo," akasema. "Hapa palikuwa na ile ya kaki."

Kisha akamwita Kaka, ambaye fungu lake lilikuwa limekwisha tangu zamani, akampa. Nikafungua mdomo kusema kwamba baki haigawiwi, lakini Kaka alikuwa ameshameza.